Mita Mia Tatu za Mwisho

Mkono wa Pamba ulikuwa bado kwenye kitasa cha mlango wa wodi, pale pale tulipouacha wiki iliyopita, na maneno ya baba mkwe wake yalikuwa bado yanamlia masikioni.

"Breki zilikuwa nzima."

Pamba hakugeuka. Mlangoni palikuwa na tangazo linalokataza wageni kukalia vitanda vya wagonjwa. Alilisoma lote, akalirudia, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

"Funga mlango, mkwe," mzee akasema. "Njoo ukae. Kwenye kiti, si kitandani."

Akafunga. Akakaa.

Kama umetukuta njiani, msomaji, shika haya mafupi. Pamba si jina lake. Ni jina alilopewa na marubani wenzake, kwa sababu miaka ishirini ndege zake zilikuwa zikigusa ardhi kama pamba inayoangukia godoro. Siku nane kabla ya Jumamosi hii alimpakia baba mkwe wake, mwalimu mkuu mstaafu wa miaka sabini na nne ambaye hakuwahi kupanda ndege maishani, katika ndege ndogo ya viti vinne. Walikuwa wanakwenda nyumbani kwa mzee, ambako kuna kiwanja kidogo cha changarawe.

Wakatua. Ndege haikusimama. Ilimaliza kiwanja, ikapasua ua wa waya, ikatumbukia mtaroni.

Pamba alitoka na mkwaruzo kidevuni. Mzee alitolewa na paja lililovunjika. Na mkaguzi wa ajali alipouliza kulikoni, Pamba alijibu maneno mawili tu: breki zimekataa.

Breki hizo zilikuwa zimetengenezwa juma lile lile na fundi mmoja. Fundi huyo ni mtoto wa kiume wa pekee wa mzee. Ni kaka wa mke wa Pamba. Sasa amenyang'anywa leseni.

Haya, turudi wodini.

"Umejuaje, Baba?" Pamba akauliza.

Mzee alifungua vifungo viwili vya shati la hospitali. Kutoka begani hadi kwenye mbavu palikuwa na mstari wa zambarau, mpana kama mkanda wa suruali.

"Hii niliipata kabla ya mtaro. Ulipokanyaga breki, nilirushwa mbele mkanda ukanikaba. Mimi nimeendesha pikipiki ya shule miaka thelathini. Chombo kisicho na breki hakimrushi mtu mbele, kinateleza tu. Breki zilishika, mkwe. Kilichokosekana ni kiwanja."

Pamba alivuta kiti nyuma kidogo.

"Kiwanja kile kina urefu gani?" mzee akaendelea, kwa ile sauti iliyowahi kunyamazisha mabweni mazima.

"Mita mia tisa."

"Tuligusa wapi?"

"Mbali."

"Mbali si jibu. Nipe namba."

"Zilikuwa zimebaki kama mia tatu."

"Na ndege ile inahitaji ngapi kusimama?"

"Mia nne na hamsini. Upepo ukiwa unatupinga."

"Ulikuwa unatupinga?"

"Ulikuwa unatusukuma."

Mzee alifunga vifungo vyake, kimoja, cha pili. "Basi hakuna breki iliyofeli. Aliyefeli ni mtu, tena kwa hesabu ya darasa la nne."

Na Pamba alikuwa hana pa kujificha, kwa sababu yeye mwenyewe hufundisha watu kurusha ndege. Kila mwanafunzi wake anaujua wimbo ule kwa moyo: ukiona kiwanja kinakuishia, ongeza nguvu, panda juu, zunguka, jaribu tena. Kuzunguka si aibu. Aliimba hivyo miaka na miaka. Siku yake ilipofika, hakuzunguka.

"Kwa nini hukurudi juu?" mzee akauliza, taratibu sasa.

"Niliona haya."

"Haya ya nani?"

"Ya watu waliokuwa langoni."

Ukoo mzima wa mke wake ulikuwa umejipanga kwenye lango la mwisho wa kiwanja siku ile. Shangazi mtu alikuwa anapunga mtandio. Na Pamba alikuwa ametamba kwenye simu kwamba atamshusha mzee wao kwa mara moja tu, kama mama anavyolaza mtoto. Angewezaje kupita juu ya vichwa vyao, akazunguka, akarudi, kama mwanafunzi wa wiki ya pili?

"Haya yako imenivunja mguu," mzee akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Utamwambia mkaguzi, Baba?"

"Nimeshamwambia."

Pamba aliinuka nusu kwenye kiti.

"Nimemwambia nilikuwa nimelala. Nikatia sahihi."

Mzee aligeuza uso ukutani. Ilikuwa zamu yake kuona haya.

"Nilimfikiria binti yangu. Nikajisemea, mkwe amekosa, ndege imekufa, watu tumepona, tulifukie jambo hili liozee huko. Sikujua unalifukia juu ya mwanangu. Nyinyi mnakuja hapa na machungwa na tabasamu, hakuna aliyenieleza kitu. Muuguzi ndiye kaniambia asubuhi hii, akinibadilishia shuka. Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo. Nimemuuza wangu."

Mlango ukagongwa.

Aliyeingia alikuwa fundi mwenyewe.

Alivaa shati safi, lakini kucha zake zilikuwa na ule weusi wa mafuta ambao hautoki hata kwa petroli. Alimwamkia baba yake, akampa Pamba mkono. Kisha, kabla hajaambiwa karibu, alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji kando ya kitanda.

"Baba, nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini?" mzee akauliza, ingawa uso ulishamkauka.

"Ya mguu wako. Siku nane sijalala vizuri. Nakumbuka nilikuwa nakaza nati ya bomba la mafuta ya breki, simu ikaita, nikapokea. Nilipomaliza kuongea nikafunika, nikaosha mikono. Sikumbuki kama niliirudia ile nati. Kila nikijaribu kukumbuka, naona simu tu."

"Mwanangu..."

"Nimeandika barua ya kukiri. Nimeipeleka leo asubuhi. Wakinifunga wanifunge, lakini wewe unisamehe kabla."

Mzee alimtazama Pamba. Pamba alitazama chupa ya dripu. Tone likaanguka, na jingine likafuata.

Ulikuwa ni wakati wake, msomaji. Mlango umefungwa, watu watatu tu ndani, na neno moja lingetosha. Pamba alifumbua kinywa. Hili ndilo lililotoka:

"Inuka, shemeji. Sakafu ina baridi."

Mzee akafumba macho.

Pamba alitoka pale akitembea kama anayekanyaga mayai. Kwenye korido alimkuta mke wake na chupa ya uji mkononi.

"Baba amesemaje?"

"Amechoka. Anataka kulala."

"Hakusema kingine?"

"Hapana."

Mke alimwangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akampisha.

Jumapili Pamba hakula. Wanafunzi wake wawili walimpigia simu kumpa pole, na mmoja akasema kwa kujipendekeza kwamba ni bahati ndege ilikuwa mikononi mwa mwalimu kama yeye, mwingine angeua. Akakata simu, akaenda kunawa uso. Kwenye kioo alikutana na mtu mzima mwenye mvi na plasta kidevuni, akashindwa kumtazama.

Jumatatu saa tatu asubuhi alikuwa ofisini kwa mkaguzi wa ajali.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la madaftari. Meza moja, feni moja, kabati la chuma lisilofunga vizuri. Mkaguzi ni mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi. Karatasi zake zilikuwa zimekandamizwa na kipande cha rafadha, lile panga la mbele ya ndege, kilichopinda, na Pamba alijitahidi asijiulize kilitoka kwenye ajali ya nani.

Alisema yote kwa pumzi moja. Upepo wa nyuma. Mwendo mkubwa. Nusu ya kiwanja na zaidi kupita chini ya tumbo la ndege kabla hajagusa. Haya ya watu wa langoni. Uongo.

Mkaguzi hakuandika hata herufi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wiki iliyopita ulisema breki. Leo unasema ni wewe. Kesho utasema nini?"

"Kesho nitasema hili hili."

"Sikiliza, kapteni." Akavuta jalada. "Humu nina barua ya fundi, amekiri kwa mkono wake. Siku mbili baadaye anakuja mume wa dada yake kusema, si yeye, ni mimi. Ungekuwa umekaa kiti hiki, ungefikiri nini?"

Pamba alitazama lile jalada.

"Ungefikiri ni watu wa familia wanafutana machozi," akajijibu.

"Nenda kapime alama za magurudumu. Zinaanzia mbali. Zitakuonyesha."

"Wenye kiwanja walipitisha greda kesho yake, kabla sijafika. Mvua ikamalizia."

"Bomba lenyewe la breki?"

"Limekatika. Lilikatikia mtaroni au kabla, chuma hakisemi." Alivaa miwani, akamkazia macho. "Waliokuwa langoni wanasema waliona vumbi tu. Nataka mtu aliyekuwa ndani. Alikuwemo mmoja, naye aliandika kwamba alilala usingizi tangu mnapaa. Mzee anapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, analala. Nililishangaa hilo, nikaliacha."

"Mwulize tena."

Mkaguzi alisimama, akachukua mkoba. "Twende sasa hivi. Na simu yako niachie mimi mpaka tufike, msije mkapangana."

Alimpa. Njia nzima Pamba alikaa kiti cha nyuma cha gari kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Wodini walikuta kadamnasi. Mke wa Pamba alikuwa anamenya chungwa. Fundi amesimama dirishani. Shangazi mtu, yule wa mtandio, ameshika kiti cha pekee na ameshaanza kumpangia mzee kila dawa ameze saa ngapi, kana kwamba manesi wote wamelala.

Pamba hakungoja kukaribishwa. Alijua akingoja tu, ataongelea tena baridi ya sakafu.

"Breki zilikuwa nzima," akasema. "Mimi ndiye nilitua vibaya. Nikasingizia breki. Shemeji hana kosa lolote."



Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alisogea, akamshika Pamba mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Shemeji, usifanye hivyo. Usijitwike mzigo wangu."

"Si mzigo wako. Nakuambia..."

"Najua unachofanya, na Mungu akulipe. Lakini nati ni yangu."

"Mwacheni aseme," shangazi akadakia, na machozi yalikuwa tayari yanamlenga. "Mmemsikia? Huyu ndiye mwanaume. Mwingine angemwacha kijana wa watu apotee, yeye anajitolea kichwa. Siku ile tunaletewa posa yake nilisema, huyu tumpe, ana utu." Akainuka, akaweka mkono begani kwa Pamba, akaanza kumpapasa kama farasi aliyeshinda.

Pamba alikuwa amekuja kuvuliwa nguo, wakamvika joho.

Alitaka kusema zaidi, lakini kila neno alilolifikiria lingeonekana ni wema mwingine. Alimgeukia mke wake. Mke alikuwa bado anamenya chungwa, ganda limeshakwisha, sasa anabandua vile vinyuzi vyeupe, kimoja kimoja.

Mkaguzi alisogea kitandani. "Mzee wangu, shikamoo. Niliwahi kukuhoji hapa. Uliniambia ulikuwa umelala. Nataka kukuuliza mara ya pili, na ya mwisho."

Mzee alimtazama binti yake, akamtazama mwanawe. Angeweza kumaliza kwa kutikisa kichwa tu. Mkwe angebaki shujaa, na binti angebaki na ndoa yake na heshima yake mjini.

"Nilikuwa macho," akasema. "Wahenga wamesema mficha uchi hazai. Mimi nimezaa wawili, nikaanza kuficha uzeeni. Nilikudanganya, mama, nikatia sahihi. Tuligusa chini kiwanja kimebaki kipande. Breki zilishika. Huyu anasema kweli."

Kisha akamwita mwanawe kwa kidole, akamvuta karibu.

"Nati uliikaza."

Fundi alirudi nyuma hatua moja. Alitazama mikono yake, akaigeuza, kiganja juu, kiganja chini. "Siku kumi," akasema taratibu, "siku kumi naiangalia mikono hii kama ya mtu mwingine." Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akawa analia bila sauti.

Mkono wa shangazi ulikuwa bado begani kwa Pamba, lakini ulikuwa umeacha kupapasa.

"Mzee, naamini," mkaguzi akasema. "Lakini ulishaandika jambo jingine, na mkubwa wangu atasema baba anamwokoa mwana. Kuna chochote zaidi ya neno lako?"

"Nilikuwa na simu mkononi," mzee akasema. "Nilikuwa napiga video, niwaonyeshe walimu wenzangu mawingu kwa juu. Nilisahau hata kuizima. Ilipotelea mtaroni."

"Haikupotelea mtaroni," akasema mke wa Pamba.

Aliweka chungwa kwenye sahani. Akafuta vidole, akafungua mkoba wake, akatoa simu ya mzee. Kioo kilikuwa kimepasuka kuanzia pembe hadi pembe, lakini ilikuwa inawaka.

"Siku ile nilipokuja hospitali nilipewa mfuko wa vitu vya Baba. Viatu, saa, na hii. Nimeitazama mara nne." Hakumtazama mumewe hata kidogo. "Kila nikimaliza nachagua upande. Leo ndugu yangu, kesho mume wangu. Nikairudisha mkobani."

Pamba alikumbuka korido, chupa ya uji, na lile swali: hakusema kingine? Alitamani sakafu ifunguke.

"Bonyeza," mkaguzi akasema.

Akabonyeza.

Injini ilinguruma ndani ya wodi. Wagonjwa waliokuwa wakipita koridoni waligeuza vichwa. Kisha ikasikika sauti ya mzee, tulivu, ya mtu asiyetaka kuudhi: "Mkwe, mbona bado tuko juu na kiwanja kinaisha? Si turudi juu kwanza?"

Na sauti ya Pamba ikamjibu, ile ile laini ambayo wanafunzi wake wanaipenda:

"Mzee, kaa kimya. Hapa si darasani kwako."

Shangazi aliondoa mkono wake begani kwa Pamba. Aliuondoa polepole, kama mtu aliyegundua kwamba ameegemea ukuta wenye rangi mbichi.

Mkwe kumwambia mzee wa watu, baba wa mke wake, kaa kimya. Hilo mzee hakuwahi kulitaja. Hakulitaja kwa mkaguzi, wala kwa bintiye, hata Jumamosi ile walipokuwa wawili tu na mlango umefungwa. Alikuwa amemstahi. Sasa alikuwa anahesabu mbao za dari, ili wasikutane macho.

Changarawe ikanguruma kwenye simu. Waya zikalia. Mshindo mkubwa, kisha mkwaruzo, kisha kimya.

Mkaguzi alinyoosha mkono. "Inatosha. Nipe, niiweke kwenye ushahidi."

Mke wa Pamba hakumpa. Aliivuta simu kifuani.

"Bado," akasema. "Haikuzimika mtaroni. Imerekodi dakika nzima na nusu baada ya hapo."

Kwa siku kumi Pamba alikuwa amejiaminisha kwamba ndani ya mtaro ule palikuwa kimya. Sasa alikumbuka kwamba hapakuwa kimya. Kuna mtu aliyekuwa akiongea, na mtu huyo hakuwa mzee.